Maneno ya Kusemwa Mara Moja

Alfonce alitaka anyolewe kwanza. Alisema hawezi kuwaachia watu sura ya mgonjwa, kwamba ndugu zake wakiona ndevu zile watasema ni ugonjwa ulioongea, si yeye. Basi mkewe Pelagia akachemsha maji, akatafuta wembe, akamnyoa pole pole pale pale kitandani. Kila alipofika chini ya kidevu alisita, maana ngozi ilikuwa imelegea kama nguo ya kuazima.

"Unaniogopa?" Alfonce akauliza.

"Naogopa wembe. Huu mwanao Hyasinta anakatiaga kucha."

"Ndiyo maana unaniuma."

Wakacheka kidogo. Kisha Alfonce akakohoa, na kicheko kikaishia hapo.

Sebuleni Silasi alikuwa anaweka kamera juu ya stuli mbili zilizopandana. Huyu alikuwa mtoto wa Clementi, kaka yake Pelagia, wa huko Bunda kwenye pamba. Alikuwa anasoma mambo ya filamu Dar es Salaam, na ile miezi mitatu ya likizo ndefu ya mwaka tisini na tatu chuo kiliwatawanya wanafunzi wakafanye fildi kwa yeyote mwenye kamera, kwa kuwa chuo chenyewe hakikuwa nayo nzima. Mwaka wa kwanza wote alijifunza kamera ubaoni. Mwalimu alichora lenzi kwa chaki, wao wakanakili kwenye daftari, kengele ikalia. Ya kushika kwa mkono aliikuta hapa Musoma, kwa bwana mmoja aliyeitwa Isidori, mwenye studio ya video karibu na soko, aliyeileta kutoka Nairobi kwa njia ya Sirari mambo yalipokuwa ruksa. Silasi alilala Nyasho kwa shangazi yake, sebuleni, juu ya mkeka.

Kamera ilikuwa ya Isidori, ameiazima Jumapili hiyo tu kwa sababu hapakuwa na harusi. Kaseti ilikuwa yake mwenyewe. Kila mwanafunzi alipewa kaseti moja, arudi nayo ikiwa na kazi yake ya mtihani.

"Na chuo utawaambia nini?" Alfonce akamwuliza, wakati Pelagia anamfunga vifungo vya shati la kiwandani.

"Nitawaambia ndiyo kazi yenyewe, mjomba. Mtu wa Nyasho anaongea."

Karatasi ya wosia haikumtosha Alfonce. Alipata kukaa kwenye matanga ya mwenzake waliyefanya naye kazi kiwanda cha nguo, akaona karatasi ya marehemu inapita mkono kwa mkono, hadi shemeji mtu akasema, "Mwandiko huu ni wa mke." Ikaisha hivyo. Mjane alitoka na masufuria. Na yeye Alfonce alikuwa na mtoto mmoja tu, Hyasinta, wa darasa la sita. Na kwao, upande wa ziwani, nyumba ya mtu asiye na mtoto wa kiume hurudi kwa ndugu zake. Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba vinne. Bati alizinunua kwa kiinua mgongo, kiwanda kilipopunguza watu. Tangu hapo waliishi kwa mapanki, yale mafupa ya sangara yanayobaki baada ya wazungu kupelekewa minofu. Pelagia aliyachukua ufukweni Mwigobero asubuhi, akayakaanga, akayauza barazani.

Alfonce akakaa kwenye kiti, akaitazama lenzi kama anavyotazamwa karani. Akaongea dakika kumi na mbili. Alitaja jina lake, akasema nyumba ni ya Pelagia na Hyasinta, wasitolewe, na atakayewatoa amejitoa yeye mwenyewe katika ndugu. Pelagia alisimama mlangoni na Hyasinta mbele yake, amemshika mabega.

"Nimemaliza," Alfonce akasema. "Na sitarudia. Kwetu maneno haya mtu anayasemaga mara moja. Ukiyarudia unaita kaburi. Tena watu watauliza lipi la kweli, la kwanza au la pili."

Silasi akairudisha kaseti mwanzo, akaitoa. Pelagia akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza.

"Na haka kanini, hapa mgongoni?"

"Hako kapande, shangazi, ukikavunja hakuna mashine itakayorekodi juu yake."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

"Kavunje."

Silasi akakavunja kwa ncha ya kisu. Kale kapande ka plastiki kakaruka sakafuni. Pelagia akainama, akakaokota, akakafunga kwenye ncha ya kanga yake, pale wanawake wanapofunga kitu wasichotaka kukipoteza.

"Ufanye nyingine kama hiyo," Alfonce akasema kwa sauti iliyochoka, "umpe mwalimu Nathanieli wa kanisani aitunze. Kitu cha pekee si kitu."

Ndiyo sababu Jumamosi iliyofuata Silasi aliibeba ile kaseti kwenye mfuko wake kwenda studio. Alitaka kuinakili. Aliagizwa, naye alikuwa anatii.

Isidori alimkuta mlangoni. "Kopi tukirudi. Leo ni Butiama, harusi kubwa, watu wamekuja mpaka na basi. Beba betri."

Betri ilikuwa ya gari. Silasi aliibeba begani tangu barabarani hadi uwanja wa harusi, na tindikali ikamtoboa shati. Wapishi walipogawa pilau mmoja akasema, "Hawa wa picha wangoje, wao wanashibaga kwa macho." Watu wakacheka. Silasi akacheka nao, maana Isidori alicheka.

Mchana ukaenda vizuri hadi saa ya kumuaga bibi harusi. Shangazi zake wakaanza kuja kwa mstari, na kitenge, na sinia, na kuku hai. Mama mtu akasimama kusema neno lake la mwisho kwa mwanawe. Hapo hapo kamera ikalia kama mbuzi. Isidori akaifungua, utepe ukatoka mrefu, umejikunja, umetafunwa.

"Mchawi wa picha kakamatwa!" mtoto mmoja akapiga kelele.

Mama wa bibi harusi akageuka. "Kuna nini? Mbona mmezima?"

"Tunabadilisha kaseti, mama. Sekunde tu." Isidori akapekua begi lake. Hakuwa na nyingine nzima. Akamwinamia Silasi. "Hiyo kwenye mfuko wako?"

"Ya nyumbani, bosi. Ina maneno ya mgonjwa."

"Dakika ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Kaseti ya saa tatu ina dakika kumi na mbili, na wewe unaikalia! Isogeze mbele, uyapite hayo maneno, uanze baada yake. Hapo mgongoni ziba na selotepu, sisi huwa tunaziba."

"Bosi, hii..."

"Silasi." Isidori alisema taratibu, huku anamchekea mama wa bibi harusi kwa mbali. "Fomu yako ya chuo iko mezani kwangu. Nimeijaza nusu. Nusu nyingine niijazeje?"

Mama mtu alikuwa bado amesimama, mikono imening'inia, neno lake liko mdomoni. Wageni wote walikuwa wanamtazama Silasi. Akaziba lile tundu kwa selotepu. Akaiweka kaseti, akabonyeza kitufe cha kupeleka mbele, akahesabu kimoyomoyo kama walivyofundishwa ubaoni. Alitaka kuchungulia aone imefika wapi, lakini Isidori alimpiga kikumbo: "Usinimalizie betri! Rekodi!"

Akarekodi. Mama mtu akasema neno lake, akalia, na vigelegele vikapigwa. Ilitoka picha nzuri sana.

Jumatatu asubuhi, studio haina mtu, Silasi akaiweka kaseti kwenye deki. Mjomba wake akatokea, amenyolewa, shati la kiwandani, na kamba ya kuanikia nguo ikionekana kwa nyuma dirishani. "Mimi ni Alfonce Masatu, wa Nyasho. Nina akili zangu. Nyumba hii nilivyoijenga..." Kisha chenga. Kisha mama wa Butiama.

Betri ilikuwa imechoka. Kaseti haikusogea, au ilisogea kidogo kama mtu anayejigeuza usingizini. Silasi akarudisha nyuma, akaangalia tena, akarudisha tena. Alipochoka kuangalia, akamtolea Isidori harusi yake kwenye kaseti nyingine. Hiyo ilinakilika bila tatizo.

Jioni ya siku ile aliomba kamera. Isidori akampa kwa saa moja. Alfonce alikuwa amelala ubavu, Pelagia anampepea kwa kipepeo cha ukili.

"Mjomba," Silasi akasema, "ile picha imetoka na giza kidogo. Nilikuwa nasema, kama una nguvu, turudie."

Alfonce alimtazama kijana, akaitazama kamera.

"Maneno yanasikika?"

Hapo ndipo palikuwa na mlango. Silasi aliuona. Pelagia naye aliacha kupepea, anangoja jibu.

"Yanasikika," Silasi akasema.

"Basi giza si kitu. Wananijua." Akafumba macho. "Na nilikwambia hayasemwi mara mbili. Ukoo wenu wa Bunda hamsikiagi."

Pelagia akaipokea kaseti, akaifunga kwenye kitenge, akaiweka ndani ya debe la unga. Hakuuliza habari ya nakala, wala Silasi hakuitaja. Usiku na mchana vilipishana. Silasi akaenda kazini, akarudi, akala ugali, akasema asante shangazi. Kila siku alijiambia kesho. Alijiambia mjomba anaweza kupona, watu wanaponaga, na mtu mwenye afya hahitaji wosia.

Alfonce alifariki juma la pili la Agosti. Walimzika makaburi ya mjini kwa sababu gari la kumpeleka kwao lilikosekana, na hilo peke yake liliwaudhi ndugu zake.

Siku moja kabla ya kuvunja matanga, Bernado alimfuata Pelagia uani. Bernado alikuwa mdogo wake Alfonce, mvuvi wa kule kijijini, mtu wa watoto wanane. Nyavu zake ziliibwa ziwani mwaka uliopita na hakupata nyingine. Hakuja kwa ukali. Alichuchumaa pembeni ya karai la mapanki, kofia mkononi.

"Shemeji, mimi sina ubaya na wewe."

"Najua, shemeji."

"Kesho wazee watasema. Unajua watakavyosema. Mimi nasema hivi, vyumba viko vinne. Wewe na mtoto mchukue viwili. Viwili niweke wanangu wakubwa wasome hapa mjini. Tukubaliane sisi wawili leo, kesho tuwaambie tumeshamaliza. Lakini wakianza wao, shemeji, mimi sitaweza kuwazuia. Ni baba zangu."

Pelagia aligeuza mapanki kwenye mafuta. Hakuwa mtu wa kukurupuka. Mkono wake ulienda kwenye ncha ya kanga, ukagusa lile fundo.

Silasi alikuwa pale pale anapasua kuni. Shoka lilisimama hewani. Alijua kwamba nyumba nusu ilikuwa imechuchumaa mbele ya shangazi yake, kofia mkononi, na kwamba kesho haitakuwepo. Akafungua mdomo.

"Shangazi..."

"Nini, baba?"

"Maji yamechemka."

Pelagia akaliondoa sufuria. Kisha akamgeukia Bernado, akasema kwa upole, kama mtu anayemhurumia mwenzake kwa aibu itakayompata, "Nashukuru, shemeji. Umesema kiutu. Lakini tungoje kesho. Mwenye nyumba ana neno lake."

Bernado akasimama, akavaa kofia. "Haya. Mimi nimesema."

Televisheni na deki Pelagia alikwenda kuviomba mwenyewe kwa Isidori, na Isidori alivileta kwa mkokoteni, amevaa shati jeupe, anampa kila mtu pole. Hakujua kitu. Harusi za Butiama kwake zilikuwa nyingi. Wakaviweka juu ya zile zile stuli mbili. Wazee walikaa kwenye mabenchi sebuleni, wanawake chini, majirani wakajazana dirishani.

"Mnatuletea sinema kwenye msiba," mzee mmoja wa ukoo akanung'unika.

"Tulia, mzee mwenzangu," akasema mwalimu Nathanieli, aliyeongoza kikao. Akasali. Akauliza kama marehemu aliacha neno.

"Liko," Pelagia akasema. Akaleta kaseti, bado ina vumbi la unga. "Silasi, weka."

Silasi akaiweka.

Alfonce akatokea. Bibi mmoja akaguna, "Yowe, mwanangu," na Bernado akasimama na kuvua kofia kama marehemu ameingia mlangoni. Hyasinta aliweka mikono miwili mdomoni.

"Mimi ni Alfonce Masatu, wa Nyasho. Nina akili zangu. Nyumba hii nilivyoijenga..."

Chenga zikajaa kioo. Halafu mama wa bibi harusi akilia. Halafu ngoma. Halafu mwanamke mnene akitingisha mabega, kuku juu juu, vigelegele vikijaza nyumba ya matanga. Dirishani mtoto akacheka, akapigwa kofi.

"Harusi ya nani hii?" mtu akauliza.

"Zima!" Bernado akasema. "Zima hiyo kitu!"

"Usizime," Pelagia akasema. "Peleka mbele. Yako mbele."

Silasi akapeleka mbele. Bibi harusi akalia mbio mbio, shangazi zake wakaja na kurudi kama siafu, keki ikakatwa, watu wakatoweka, kioo kikabaki cheupe hadi mwisho.

"Rudisha nyuma, labda umepita."

"Hayapo, shangazi."

"Yapo. Uliniambia yanasikika."

"Hayapo. Nilirekodi juu yake. Mimi mwenyewe."

Isidori alikuwa anatazama viatu vyake. Pelagia alimtazama kijana kwa muda, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali fulani.

"Lini?"

"Jumamosi ile."

"Alikuwa bado mzima."

"Ndiyo."

"Na jana, shemeji alipokuja pale uani, ulikuwa unajua."

Silasi akainamisha kichwa, na hilo lilitosha.

Pelagia akawageukia wazee. Sauti yake haikupanda. "Aliyasema, wazee wangu. Alisema nyumba ni yangu na mtoto. Mimi nilikuwepo, Hyasinta alikuwepo, na huyu alikuwepo."

"Wote watatu ni wa mwanamke," akasema yule mzee wa ukoo. "Mke, binti, na mtoto wa kaka wa mke. Sisi tumesikia masikio yetu wenyewe. Marehemu amefika kwenye nyumba, akanyamaza. Mtu akinyamaza hivyo amekataa."

Wengine wakatikisa vichwa. Jambo hilo likawaingia kuliko maelezo ya betri na selotepu ambayo Silasi alijaribu kuyatoa. Mwalimu Nathanieli alisema mawili matatu ya kanisani, akasikilizwa kwa heshima, basi. Ikaamuliwa nyumba irudi kwa Bernado. Mjane akae mwezi mmoja tu.

Watu walipotoka kunawa mikono, Pelagia alimwita Bernado. "Na vile viwili, shemeji?"

Bernado alizungusha kofia mikononi. "Jana nilikuja, shemeji. Jana palikuwa pangu na pako. Leo ni pa wazee."

Fildi iliisha Septemba. Isidori alimpa Silasi fomu ndani ya bahasha ya kaki, haikufungwa. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko mzuri kwamba mwanafunzi huyu ni mtiifu na hapotezi vifaa.

Aliporudi Nyasho akakuta vitu viko nje. Kitanda kilikuwa kimefunguliwa, mabanzi yamefungwa kwa kamba ya katani. Pelagia na Hyasinta walikuwa wanakwenda Bunda, kwa Clementi, kulala jikoni mpaka watakapojaliwa. Watoto wawili wa Bernado walikuwa wamekaa barazani na masanduku yao ya shule, wanaona haya kuingia.

"Shangazi," Silasi akasema, "nikipata kazi, nitakujengea..."

"Nyamaza, mwanangu. Hayo usiyaanze."

Akakaa juu ya debe la unga, debe tupu, na ile kaseti mapajani.

"Hii chuo wanaitaka?"

"Wanaitaka. Kaa nayo. Nitasema imepotea."

"Usidanganye tena. Sema iko kwa shangazi yako." Akaigeuza. "Pale anapotaja jina lake, bado papo?"

"Papo."

"Wakirekodi tena patafutika?"

"Wakirekodi tena, ndiyo."

Pelagia akaichubua ile selotepu kwa ukucha, pole pole, ikatoka yote, na tundu likaonekana. Akafungua fundo la kanga, akakatoa kale kapande, akakaweka juu ya tundu. Kalienea sawasawa. Alikashikilia kwa kidole muda mrefu, kama mtu anayebana kidonda. Hyasinta akaita kwamba mkokoteni umefika. Pelagia akaondoa kidole, na kapande kakaanguka mchangani.